Matanga ya Sista Jemutai

Sista Jemutai hajui kunong'ona. Sauti yake ni ile ya mtu aliyelelewa akiita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, huko kwao upande wa Rongai, na hakuna chuo cha uuguzi kilichoweza kumpunguzia. Kliniki ya afya ya akili pale Kaptembwo, mjini Nakuru, ilikuwa chumba kimoja tu cha zahanati, na watu waliingia humo wameinamisha vichwa, kofia zimevutwa hadi machoni, wakiomba Mungu jirani asiwaone. Halafu Sista anatokea mlangoni. Anamwita Fundi aingie haraka, anamwambia Mama Samaki kwamba ile samaki ya jana ilikuwa na chumvi ya kuua mtu na presha, anamuuliza mwingine ni nani amemnyoa vibaya hivyo. Jamani, ungedhani umeingia sokoni.

Wageni walishtuka. Wenyewe walimpenda kwa hilo hilo. Alikuwa amegundua kitambo kwamba mtu akisemeshwa polepole, kwa huruma, anajua tu kwamba ameshawekwa upande wa wagonjwa. Lakini akigombezwa kuhusu samaki, anakumbuka kwamba bado yeye ni muuza samaki. Hakuwahi kumwita mtu kwa ugonjwa wake. Aliwaita kwa kazi zao, na yule aliyekuwa ameacha kazi alimwita kwa ile kazi aliyoiacha, mpaka mwenyewe siku moja anaona haya na kuirudia.

Alikuwa mrefu, mkavu, meno ya mbele yameachana, na sweta moja ya bluu aliyoivaa Januari hadi Disemba. Nyumba yake ya kupanga ilikuwa Section 58. Watoto wake walikuwa wakubwa, wana nyumba zao, na kila wakimpigia simu walimwambia astaafu mapema apumzike. Aliwajibu kwamba kupumzika kuna siku yake na hata hakuna haja ya kuomba ruhusa. Watu wa kliniki aliwaita "watu wangu". Neno mgonjwa lilikuwa la kwenye faili.

Kati ya watu wake wote, Darweshi ndiye aliyemsumbua zaidi, na kwa hivyo ndiye aliyempenda zaidi, ingawa ukimuuliza atakataa katakata.

Darweshi ni fundi wa nguo. Babu yake alikuja Nakuru kutoka pwani enzi za kazi za reli, akaoa, akabaki. Cherehani ya Darweshi iko kwenye kibaraza cha duka la nafaka, na anaishi na dada yake Safiyo, anayekaanga bhajia hapo karibu. Alipokuwa kijana alianza kusikia watu wasiokuwepo wakimsema. Mwaka mmoja mbaya, hao watu walimwambia kwamba nguo za wateja zimeshonewa vitu ndani vya kummaliza. Alichukua makasi akazipasua zote. Suti ya bwana harusi, sare za watoto wa shule, hata kanzu ya Idi ya imamu. Mtaa ulitaka kumpiga, na Safiyo alisimama mlangoni na mwiko wa mafuta ya moto akiwauliza nani ataanza. Baada ya hapo hakuna aliyemletea Darweshi hata kifungo cha kurudisha.

Jemutai ndiye aliyemrudisha. Alifika kwenye kile kibaraza na sare yake ya kazi imefumuka pindo, na pindo hilo alikuwa amelifumua mwenyewe nyumbani. Darweshi akamfukuza. Akarudi wiki nyingine na shimo kwapani. Akafukuzwa tena. Aliendelea kuja hivyo, kila mara sare imeharibika zaidi, akikaa kwenye benchi na kulalamika juu ya mafundi wa siku hizi, mpaka Darweshi akashindwa kuvumilia. Fundi wa kweli hawezi kukaa na kutazama mshono ulioachia. Aliivuta ile sare akaishona, na wakiwa hapo ndipo mazungumzo ya dawa yalipoanza. Ilichukua muda. Lakini hatimaye alikubali sindano, ile inayodungwa mara moja kila mwezi, na zile sauti zikarudi nyuma, zikawa mbali, zikanyamaza. Wateja nao wakarudi mmoja mmoja. Juzi juzi hata imamu alileta kanzu. Safiyo alipika pilau siku hiyo.

Kwa hivyo elewa vizuri: ile sindano ndiyo iliyokuwa imesimama kati ya Darweshi na yale makasi. Na Darweshi alikuwa haipokei kutoka kwa mkono mwingine ila wa Sista.

Basi uhamisho ukaja. Huko Dundori, juu kwenye baridi na mashamba ya viazi, kituo cha afya hakikuwa na muuguzi wa akili, na wakubwa wakaamua apelekwe Jemutai. Hapa ndipo mwanamke huyu wa kelele zote hizo alipofanya jambo la kijinga kuliko yote maishani mwake. Alinyamaza.

Faili alizipanga, ndiyo. Alimwonyesha kila kitu yule muuguzi wa kumrithi, kijana mmoja mpole anayeitwa Kipngetich, mwenye adabu na sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba. Lakini watu wake hakuwaambia. Mkubwa wa zahanati alikuwa amesema wasitaharukishwe, na Jemutai akajificha nyuma ya neno hilo, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa kwamba hangeweza kusimama mbele ya Darweshi na kumuaga bila kulia, na alikuwa hajawahi kulia mbele ya mtu wa kliniki. Alimwomba Chesang, yule mama wa kujitolea anayezunguka manyumbani kuwatazama wagonjwa, kwamba wakimuuliza aseme Sista ameenda kidogo. Halafu akapanda Dundori na sweta yake.

Sasa wewe sema ukweli. Katika nchi yetu hii, ukiuliza mtu yuko wapi na ukajibiwa "ameenda kidogo", huku anayekujibu anatazama viatu vyake na kukuuliza kama umekula, unaelewa nini? Si hivyo ndivyo tunavyopeana habari ya kifo? Hatusemi. Tunasema amelazwa. Tunasema amezidiwa kiasi. Tunakukalisha, tunakuletea maji, tunatafuta kwanza mtu wa kanisani au wa msikitini akae karibu nawe. Kila mtu mzima anaijua hiyo lugha, na Darweshi alikuwa mtu mzima.

Alimuuliza Chesang. Chesang ni mama mzuri lakini kusema uongo hajui, na alikuwa na hamu ya kumwona Sista vilevile, kwa hivyo macho yalimjaa maji. Darweshi akapiga ile namba ya simu aliyokuwa nayo miaka yote, kumbe ni simu ya kliniki, na Kipngetich akapokea akasema kwa upole kwamba hiyo simu sasa anayo yeye. Darweshi akaenda kliniki. Ukutani akaona picha ya Sista Jemutai, imezungushiwa maua ya plastiki, kwa maana wenzake walikuwa wamemfanyia sherehe ndogo ya kumuaga na kuona ni vizuri wamkumbuke. Akauliza yuko wapi. Na Kipngetich, maskini, aliyekuwa ameambiwa asimtaharukishe mtu, alimshika bega akasema, "Sista alikuwa mtu mzuri sana, mzee. Sisi tutajaribu kuendelea pale alipoachia."

Haki ya Mungu, nani angesikia hayo asivae nguo za msiba?

Darweshi alitoka bila sindano. Alisema hawezi kudungwa na watu wanaomficha maiti. Mwezi uliofuata hakwenda kabisa. Aliwaambia wengine, na hakuna aliyebisha, hata Safiyo, ambaye akili zake hazijawahi kuugua siku moja. Safiyo alilia hadi bhajia zikaungua. Wakambana Chesang awaambie Sista ni wa wapi, na Chesang, akidhani amepata mahali pa kusema ukweli bila kuvunja ahadi, akasema ako Dundori. Ako Dundori! Wao wakaelewa kwamba huko ndiko alikozikwa.

Huku juu, Jemutai alikuwa anapima watoto uzito na kujiambia kwamba watu wake wako sawa. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, uwanja wa kituo ni matope, akina mama wamejipanga na watoto waliofunikwa mablanketi. Mtu wa boda alikuwa ameegesha pikipiki yake katikati ya lango, na Jemutai alitoka nje kumpa maneno yake. Alikuwa katikati ya maneno hayo alipoona kundi la watu limesimama nje ya lango. Wanawake wamejifunga leso mabegani. Mama Samaki amebeba unga. Safiyo yuko ndani ya buibui jeusi na majani chai kifuani. Na mbele yao Darweshi, kanzu imepigwa pasi, amekumbatia mfuko wa sukari. Walikuwa ndio wametoka kumuuliza mlinzi nyumba ya msiba iko wapi.

Darweshi alisikia ile sauti kabla hajamwona mwenyewe. Akakaa chini, hapo hapo kwenye matope, na kanzu yake nyeupe, sukari mapajani.

Mama Samaki alipiga yowe. Kisha wote wakamvamia Sista, wakimshika mikono, mashavu, sweta, wakicheka na kulia kwa pamoja, na akina mama wa Dundori wakatazama wasielewe kama wasaidie au wakimbie. Jemutai naye aliuliza mara kadhaa ni nani amekufa, na kila akiuliza walizidi kucheka. Ni Safiyo aliyemjibu. Alimwambia ni yeye.

Darweshi hakucheka. Alinyanyuliwa, akapanguswa matope, akaketishwa kwenye benchi, na alipopata sauti alimtazama Sista usoni.

"Afadhali ungekuwa umekufa," akasema. "Mtu akifa anasamehewa kwa kutoaga."

Jemutai alikuwa amesimama mbele yake. Alijisikia mdogo. Alijua papo hapo kwamba hii si hasira ya ugonjwa. Ni hasira ya mtu ambaye amefanyiwa vibaya na rafiki, na ana haki nayo yote.

Mtu anapotoka mbali kukuzika, chai lazima umpe. Jemutai aliteka maji, akawasha jiko la nyuma, na kwa kuwa mwezi ulikuwa umefika pabaya na sukari hana, alifungua ule mfuko wa Darweshi. Hivyo ndivyo Sista Jemutai alivyokunywa chai ya matanga yake mwenyewe, na akaisifu, na Mama Samaki akasema ni mara ya kwanza kumwona marehemu akiongeza kikombe.

Lakini Safiyo alimvuta kando, karibu na tangi la maji. Alimwambia Darweshi hajadungwa tangu Sista aondoke. Halali. Anazungumza na ukuta. Jana Safiyo alimkuta amelaza suti ya mteja mezani, ameanza kuufumua mfuko wa ndani taratibu, na alipomuuliza anafanya nini, alisema anatazama tu.

Anatazama tu. Jemutai alirudi kwenye benchi, akamkuta Darweshi ameshakunja mkono wa kanzu hadi begani, kana kwamba alikuwa amesikia yote.

"Nidunge basi," akamwambia. "Nimekuja mwenyewe."

Dawa ilikuwepo, kwenye kabati, hatua chache tu. Mkono ulimwasha kuifuata. Na hapa mtu asifikiri alikuwa mgumu wa moyo. Alitaka sana. Alijiona akimdunga, Darweshi akifurahi, halafu kila mwezi akipanda mlima. Kisha mvua kubwa za Aprili zije, au Safiyo augue, au Darweshi mwenyewe aamke siku hiyo na uzito, aseme nitaenda wiki ijayo. Na yeye Jemutai, kustaafu kwenyewe hakuko mbali. Siku hiyo Darweshi atabaki na nani? Alikuwa amemtunza huyu mtu vizuri kiasi cha kumfungia milango mingine yote, na alipoelewa hivyo aliona aibu kali.

Alikaa karibu naye kwenye benchi. Alimwambia juu ya baba yake. Wazee wa kwao, mtu akiwa na ng'ombe wengi kuliko malisho, alimwekea rafiki ng'ombe mmoja amtunze. Maziwa ni ya rafiki, ng'ombe anabaki kuwa wako, na mnakuwa ndugu kwa ajili yake. Wengine walimtuma kijana tu apeleke. Baba yake alikuwa anakataa. Alimpeleka ng'ombe mwenyewe, akalala huko, na asubuhi alimkamua huku rafiki amesimama karibu, mkono wake mgongoni mwa ng'ombe. Jioni rafiki akakamua, na baba ndiye aliyesimama. Hapo ndipo alipokubali kurudi nyumbani. Jemutai alisema baba yake alimfanyia ng'ombe heshima ambayo yeye alishindwa kumfanyia Darweshi.

Darweshi alifikiri. "Kwa hivyo mimi ni ng'ombe?"

"Wa maziwa," Jemutai akasema, na hatimaye Darweshi akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Jemutai aliomba ruhusa mchana huo huo, akateremka nao Kaptembwo. Alipoingia kliniki na kuona picha yake imezungukwa na maua, alipiga kelele iliyosikika hadi stendi, akaitoa ukutani mwenyewe, na Kipngetich alisimama pembeni mikono nyuma kama mtoto wa shule. Kisha Jemutai alifunga mlango. Wakabaki ndani wanne: yeye, Kipngetich, Darweshi na Safiyo.

Alimkalisha Darweshi, akamkalisha Kipngetich karibu naye, magoti yao karibu kugusana, na akasema yote aliyoyajua, Darweshi akiwa anasikia. Kwamba akisema yuko sawa mara mbili mfululizo, hayuko sawa. Kwamba mwezi wa Ramadhani anapenda kudungwa baada ya kufuturu, hata kama imamu mwenyewe amemwambia sindano haivunji saumu, na mtu asimbishie. Kwamba asiulizwe habari za sauti kabla ya kuulizwa habari za kazi. Darweshi alimkatiza hapa na pale kusahihisha. Alisema si mara mbili, ni mara tatu. Alisema pia kwamba kitu cha kwanza kumponyoka ni usingizi, na kwamba mtu akitaka kujua, amuulize Safiyo, kwa sababu yeye mwenyewe ataficha. Safiyo alifuta macho na ncha ya buibui. Jemutai alikuwa amemtunza huyu mtu miaka yote hiyo, na hilo la kuficha hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kipngetich aliandaa dawa. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko sauti yake. Lakini alipokaribia na pamba, Darweshi aliuzuia mkono wake.

"Na wewe ukihamishwa?"

Kipngetich alimtazama Jemutai, kama kijana anavyomtazama mkubwa wake kazini. Jemutai alitazama sakafu. Hilo hakuwa na haki ya kulijibu.

"Nitakwambia," Kipngetich akasema. "Na yule atakayekuja, nitakuja naye kwako, nimkalishe hapa nilipokaa mimi."

"Hata kama wakubwa wamekukataza?"

Kijana alitazama kwanza ile picha iliyotolewa ukutani, na huko kutoharakisha ndiko kulikomsaidia, maana Darweshi alikuwa amechoka na watu wenye majibu ya haraka. Kisha akasema hata kama.

Darweshi alitikisa kichwa akakubali. Lakini hakuuachilia mkono wake. Alimgeukia Jemutai.

"Bado wewe," akasema. "Niage."

Machozi yalimtoka Jemutai hapo mbele ya wote, mbele ya muuguzi mpya na mbele ya Safiyo, na hakuyafuta wala hakuugeuza uso. Alipiga magoti ili macho yao yawe sawa.

"Kwaheri, Darweshi," akasema. "Nimeondoka. Mimi si muuguzi wako tena."

"Kwaheri, Sista," Darweshi akamjibu.

Kisha akamgeukia Kipngetich, akaachilia mkono wake, akakunja mkono wa kanzu hadi begani.

"Haya, kijana," akasema. "Dunga."